Sisi Watoto wa Mkuu wa Mtaa

Shangazi yangu ni dobi tangu sijazaliwa. Chumbani kwake mna meza moja, blanketi lililoungua kingo na pasi ya mkaa. Kabla pasi haijagusa shati, shangazi hulamba kidole na kukigusisha kwenye kitako cha pasi. Ikilia chwii, kazi inaanza. Madobi wote hupima hivyo.

Mkuu wa mtaa alipopita kukagua, akakiona hicho kidole. Alishtuka, maskini, mpaka akamdaka mkono. "Mwanangu, utaungua!"

Huyo mwanawe anamzidi umri kwa mbali, ila kwa mkuu sote ni watoto. Wiki hiyohiyo pasi zote za mkaa zikakusanywa kwa usalama wetu. Kwa shangazi umeme haujafika. Tukaitwa mkutanoni tushukuru, na sisi, kwa ujinga tuliouzoea, tukapiga makofi.

Kazi ikafa. Wateja walikuja kuchukua nguo zao na makunyanzi yake, wengine wakimwonea huruma, jambo linalomuudhi kuliko tusi. Nikamsindikiza ofisini.

Mkuu angekuwa mkali tungegombana naye, yakaisha. Lakini alituvutia viti mwenyewe, akaagiza chai. Hapo ndipo roho inaponiuma: utamtukanaje mtu anayekukorogea sukari?

"Mheshimiwa, naomba pasi yangu," shangazi alisema. "Sijui kazi nyingine."

"Pumzika, mwanangu. Umefanya kazi mno. Chakula nitakuletea."

"Sijachoka. Na nikiungua, si mkono wangu?"

"Ukiungua, atakayelia ni mimi."

Na kweli machozi yalimlengalenga. Shangazi akapiga magoti, yeye ambaye sijawahi kumwona akimwomba mtu hata chumvi. Mkuu akamwinua, akampangusa vumbi magotini, kisha akamwita askari amshike mkono amvushe barabara. Pasi hatukupewa.

Jioni gari la ofisi lilileta chakula kama alivyoahidi. Nikamwekea shangazi sahani mbele yake. Hakuigusa. Mikono yake, yenye makovu ya moto ya miaka yote hiyo, aliilaza mapajani.

"Kula, shangazi."

"Nilishe."

Nikacheka, maana namjua kwa utani. Yeye hakucheka. Alifungua kinywa, akafumba macho, akangoja.

Nikachukua kijiko.