Kabati Lililofungwa Miaka Mitatu

Miaka mitatu nilitembea na ufunguo wa kabati la vitabu shingoni, na leo nikiukumbuka masikio yananiwaka kwa hasira. Namkasirikia mwalimu mkuu. Najikasirikia mwenyewe zaidi.

Lakini kisa hiki ni cha mwalimu wa darasa la sita, jirani yangu wa darasa, ukuta kwa ukuta. Watoto walimwita Mama Ushahidi. Ukimwambia jambo lolote, hata umbea wa chumba cha walimu, atakuuliza, "Ukurasa wa ngapi?" Tabia hiyo aliianza utotoni. Baba yake alikuwa fundi redio asiyejua kusoma. Binti ndiye aliyemsomea vijitabu vya maelezo, na akiruka mstari mmoja tu, redio ya watu inafuka moshi.

Siku vilipoletwa vitabu shuleni, mia na kumi na mbili, vyote vya mambo ya kweli, mifupa, vyura, madaraja, volkano, alikuja mbio hata viatu hakufunga. Mwalimu mkuu akavipanga kwenye kabati la vioo nje ya ofisi yake, majalada yakitazama mlango, akanikabidhi ufunguo.

"Hawa watoto watavichafua," akasema. "Vitabu kama hivi ni vya wageni."

Kila muhula Mama Ushahidi aliniomba ufunguo. Kila muhula nilimjibu, "Ngoja nimwulize mkubwa." Mkubwa alikuwa na jibu moja, nami nilifyata mkia.

Yeye hakungoja mtu. Alifundisha kwa alichopata: karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, pakiti za mbegu, mifuko mitupu ya saruji, vile vijitabu vya redio vya marehemu baba yake. Kila mtoto aliandika maswali matatu kabla ya kusoma, kisha majibu na mahali alipoyaona, kisha jambo moja ambalo bado halijui. Hilo la mwisho ndilo alilolipa alama nyingi. Mtoto mmoja alichanganya kopo la saruji na makopo matatu ya mchanga, akasubiri siku saba, akarudi kuliambia darasa kwamba mfuko umesema kweli. Walishangilia mpaka chaki zikaanguka ubaoni kwangu. Nilisikia yote, ufunguo ukining'inia kifuani.

Wiki moja kabla ya wakaguzi kuja, mkuu aliniamuru nikafute vumbi. Nikafungua kabati, nikavuta kitabu cha mifupa. Jalada likaja mkononi peke yake. Ndani, udongo mtupu. Mchwa walikuwa wametokea ukutani kwa nyuma, wakala kitabu baada ya kitabu, wakatuachia majalada yanayong'aa.

Mkuu alitazama, akaniita ofisini, akafunga mlango. Akanisukumia daftari la kuazimia vitabu, ambalo tangu linunuliwe halikuwa na hata mstari mmoja.

"Jaza majina ya darasa la sita. Walivipeleka majumbani, vikarudi na mchwa."

"Mwalimu Mkuu, watoto hawa hawajavigusa hata siku moja."

"Nani atajua? Jaza! Na huyo mama yenu wa ushahidi aanze kutafuta shule nyingine."

Nilitoka na daftari kwapani, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Ushahidi nikamweleza. Nilidhani atalia. Alinifokea.

"Wewe na ufunguo wako! Miaka mitatu, mwenzangu! Wanangu wanasoma mifuko ya saruji, wewe umevaa vitabu shingoni kama mkufu!"

 Alipomaliza, akapangusa chaki mikononi, akaniambia nimletee rafu moja ya kabati lile, na udongo wake vilevile ulivyo.

Kesho yake darasa la sita lilikuwa na mradi mpya, ripoti ya kubandikwa ukutani siku ya wakaguzi. Maswali yalikuwa ubaoni: Mchwa waliingilia wapi? Walianza na gundi au karatasi? Kwa nini hakuna aliyewaona? Watoto wakapima tundu la ukutani kwa rula, wakachora njia, wakahesabu majalada. Mkuu akapita, akawaka.

"Huu ni utovu wa adabu!"

"Wanasoma, Mwalimu Mkuu," Mama Ushahidi akamjibu, sauti chini kabisa. "Ulisema vitabu ni vya wageni. Basi wageni wameshakula."

Mkuu akageuka, akanipita mlangoni kwangu. "Nalitaka daftari leo hii," akanong'ona.

Swali la tatu ndilo lililomleta kwangu msichana mmoja, mdogo kuliko wenzake wote, penseli sikioni. Nilikuwa nimefungua daftari, kalamu mkononi, sijaandika kitu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Kabati lilifunguliwa mara ya mwisho lini?"

Ningeweza kumfukuza. Orodha ya darasa lake ilikuwa mbele yangu, na kwa alfabeti yeye ndiye wa kwanza. Jina lake ndilo nililokuwa karibu kuliandika, mwazimaji namba moja wa kitabu ambacho hajawahi hata kukinusa. Nikaweka kalamu chini, nikamsukumia daftari. Akalifunua ukurasa kwa ukurasa, hakuruka hata mmoja.

"Tupu, mwalimu."

"Tupu."

"Niandike ukurasa wa ngapi?"

"Wa kwanza mpaka wa mwisho."

Akaandika polepole kwenye karatasi yake, kwa herufi kubwa. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Na ufunguo ulikuwa na nani?"

Nikavua uzi shingoni, nikauweka juu ya daftari pamoja na ufunguo wake.

"Andika," nikamwambia. "Ulikuwa na mimi."