Mpunga wa Carolina

Nilikuwa namtunza mzee mmoja huko Woodbury, Marekani, mwalimu mstaafu wa historia aliyepooza mkono wa kulia. Majirani walimwita kwa jina lake tupu. Mdomo wangu ulikataa kabisa, nikamwita Mwalimu.

Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamemwomba atoe mhadhara mmoja wa mwisho katika maktaba ya mtaa. Alichagua makoloni ya Waingereza ya kusini, hasa Carolina. Yeye alisema, mimi nikaandika. Walowezi wa mwanzo walipigwa na homa na njaa, wakajaribu kufuga nondo wa hariri, wakapanda mizabibu na mizeituni, vyote vikagoma, na bado hawakufunga virago. Ukaidi wa namna hiyo naupenda, hata kwa watu nisiowapenda.

Kisha tukafika kwenye sentensi hii: "Ndipo walowezi wakapanda mpunga, wakatajirika." Nikaweka kalamu chini.

"Walowezi gani, Mwalimu? Waliinama wao?"

Mimi ni mzaliwa wa Mwea, kule Kenya. Mama yangu aliinama kwenye maji ya mpunga mpaka mgongo ukasahau kunyooka, na sifa za kazi ile simwachii mtu hivi hivi.

"Watumwa ndio walioinama, hilo linakuja," akajibu kwa ukali. "Lakini maarifa yalikuwa ya wenye mashamba. Nimefundisha hivyo miaka yote."

Nikanuna, nikawa nafunua kitabu chake. Humo nikaona picha ya chombo cha watumwa wa Carolina, cha mviringo, kimesukwa kwa nyasi. Nusura nicheke.

"Huu ni ungo! Ninao jikoni kwangu Richfield."

Kesho yake nikaja nao, nikampepetea mchele wa dukani, ingawa haukuwa na pumba hata moja. Nikamweleza kwamba wengi wa waliopelekwa Carolina walitoka Afrika Magharibi kulikolimwa mpunga tangu kale, mbali na kwetu, na lugha zao sizijui. Lakini mikono iliyosuka ungo ule niliijua.

"Hiki kwa lugha yenu mnakiitaje?" akauliza, akionyesha punje.

"Kikiwa wapi? Shambani ni mpunga. Ukikobolewa ni mchele. Ukiiva ni wali."



"Sisi tuna neno moja tu," akasema. "Nadhani tulikijua kikiwa kwenye sahani."

Hata hivyo aliniambia niache sentensi ilivyo. Angewezaje kusimama mbele ya watu aliowafundisha mwenyewe na kujikana? Niliuelewa woga wake, lakini uliniuma.

Siku ya mhadhara nilikaa mbele, kando yake, nikimshikia karatasi. Alipofika kwenye ile sentensi alisita, akazisukuma karatasi kando kwa mkono wake mzima.

"Hapa niliwafundisha vibaya," akawaambia. "Watu wale waliletwa kwa minyororo, lakini walikuja wakiijua kazi. Waliofundishwa ni sisi."

Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mzee yule. Akataka kuwatajia maneno yangu matatu. Wali aliupata, mchele akaupata, la shambani likamponyoka. Ukumbi mzima ukingoja, akanigeukia, akanyoosha mkono juu kama mtoto darasani.

"Mpunga, Mwalimu," nikamwambia, na machozi yakanitoka.