Nilisema Laptop ya Mwalimu Imerogwa

Jamani, kabla hamjanihukumu, mimi nimeshajihukumu mwenyewe. Nina kibanda cha fotokopi na kutengeneza kompyuta pale Milanzi, Sumbawanga. Kwa uongo mmoja tu nimegombanisha ndugu wawili wa tumbo moja. Tena wazee, wana mvi!

Mwalimu ni mstaafu anayefundisha kwaya ya kigango chetu. Nyimbo alizotunga maisha yake yote, zaidi ya mia moja, alizichapa kwenye laptop aliyopewa na mwanaye anayesoma Dar. Kijana alimwekea Linux badala ya Windows ili virusi visimsumbue, akayafunga na mafaili yake, asiyasome mtu bila neno la siri. Mwalimu akaenda Kabwe kumuuguza binti yake miezi miwili. Aliporudi, neno la siri limemtoka kichwani. Akaniletea mimi.

"Mwanangu, utaiweza?"

Nikacheka. "Hii? Kabla chai yako haijapoa, Mwalimu."

Kweli, nikaingilia kwa mlango wa mafundi, nikamwekea neno jipya la siri, laptop ikafunguka. Nikajiona bingwa! Halafu nikafungua folda ya nyimbo. Hakuna wimbo hata mmoja! Kulikuwa na vijifaili viwili vya maelezo kwa Kiingereza, ambavyo kwa haraka zangu sikuvisoma. Nikachimba ndani zaidi, nikakuta mafaili yenye majina marefu yasiyosomeka, kama kuku amepita juu ya kibodi.

Jasho lilinitoka, na baridi yote ile ya Sumbawanga.

Ningesema "Mwalimu, sijui," mambo yangeishia pale. Lakini kibandani kulikuwa na wateja wanne, na ubao wangu wa nje umeandikwa TUNATENGENEZA KILA KITU. Basi nikamsogelea, nikamnong'oneza: "Mwalimu, hii imechezewa. Kuna mkono wa mtu."

Sisi watu wa Sumbawanga nchi nzima inatutania kwa mambo hayo ya uchawi. Ukitaja kwenu tu kwenye basi, jirani anavuta begi lake. Tunachukia sana! Na mimi, mzaliwa wa hapa, fundi mwenye cheti ukutani, ndiko nilikokimbilia.

Nilidhani atasikitika kidogo aende zake. Kumbe mwenzangu alikuwa tayari anatafuta jina.

"Modesti," akasema polepole. "Alikuja kwangu kabla sijaenda Kabwe. Akaishika hii. Akaniuliza nina nyimbo ngapi."

Modesti ni mdogo wake, mkulima wa Laela, naye anafundisha kwaya huko. Hapo nilipaswa kuruka na kusema hapana, Mwalimu, nimekosea. Mimi nikakohoa tu.

Wiki iliyofuata Modesti akatuma gunia la ulezi kwa basi, kama afanyavyo kila mavuno. Mwalimu akalirudisha kwa basi lilelile, bila hata kulishusha. Konda akamuuliza, akifika Laela aseme nini?

"Mwambie vyake sili tena. Anajua alichokifanya."

Sasa kumpa konda maneno kama hayo si sawa na kuyatangaza kanisani? Siku chache tu, nusu ya kwaya ya Modesti wakaacha mazoezi. Wengine wakimuona njiani wanahamia upande wa pili. Mzee wa watu hajui hata alichokosa!

Niliposikia hayo, nikafunga kibanda mapema. Nikameza kiburi changu, nikampigia yule kijana wa Dar.

"Ulibadilisha neno la siri bila kuwa na lile la zamani?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Aa, kaka! Umebadilisha kufuli la mlango tu. Sanduku la ndani bado linataka neno lilelile la zamani. Mafaili yapo yote. Ukikosa hilo, tumia karatasi niliyomwachia mzee, ina herufi na tarakimu thelathini na mbili."

Yapo yote! Nilikimbia mpaka kwa Mwalimu. Karatasi je? Mama, mkewe, alishaiwashia jiko zamani. Neno la zamani? Mwalimu akafumba macho, akataja jina la marehemu mama yao, jina la kigango, mpaka jina la mbwa. Nikajaribu yote, mashine ikakataa yote.

Mama alikuwa anasonga ugali. Akasema bila kugeuka: "Si lile unalolitamka kila ukiiwasha? Modesti saba saba."

Kumbe Mwalimu hawezi kuandika kitu bila kukitamka, kwa jinsi alivyozoea ubao wa darasani.

"Mama! Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Nani aliniuliza?"

Nikaandika modesti77. Nyimbo zikajaa kwenye skrini, mstari baada ya mstari. Hakuna aliyeshangilia. Mwalimu alikaa anaangalia mikono yake. Ndipo nikapiga magoti, nikamwambia kwamba mkono wa mtu ulikuwa wangu.

Hakunipiga. Alisema tu, "Kesho tunakwenda Laela. Utayasema haya mbele yake."

Nikayasema uani kwa Modesti, nimechuchumaa, nikipiga makofi ya heshima kama tulivyolelewa, mbele ya mkewe na wanakwaya waliobaki. Aibu niliyoiona siwezi kuisimulia! Lakini yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akanisamehe palepale, hata akacheka niliposimulia habari ya Mama na ugali wake. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Huyu ni mtoto, alikuwa anaficha aibu yake. Wewe, kaka, umenijua tangu nazaliwa. Uliamini?"

Mwalimu akasogea kunawa mikono. Tukala, tukapewa gunia la ulezi, tukapanda basi. Mpaka leo Mwalimu hajamjibu.

Mafundi wenzangu, nawaombeni! Mkishindwa na kitu cha mtu, semeni mmeshindwa, aende kwa fundi mwingine. Na hayo maandishi ya Kiingereza yasomeni. Nyimbo za Mwalimu nilizirudisha zote, haukupotea hata mmoja. Lakini zamani Mwalimu akifika Laela alikuwa anaingia moja kwa moja mpaka jikoni kwa mdogo wake, anafunua sufuria. Siku hizi anasimama nje, anapiga hodi, anasubiri aambiwe karibu.