Tulisherehekea Siku ya Tjeerd Bila Tjeerd

Ijumaa ile kila aliyeingia klabuni alinishika mkono akanipongeza kwa siku ya kuzaliwa ya mtu ambaye hakuwepo.

Na mimi nikawapongeza. Waholanzi ndivyo tulivyo. Mtu akitimiza miaka hapongezwi peke yake, mnapongezana wote mliopo, halafu mnakaa kwenye viti mmezunguka duara, kila mtu na kipande chake kimoja cha keki.

Shida ni kwamba keki huletwa na mwenye siku. Na Tjeerd hakuwa ameleta keki, wala hakujileta mwenyewe.

Naitwa Roelien. Niliolewa hapa Aleksandria, mume wangu nimemzika hapa hapa, sina pa kurudi. Tjeerd naye hakuwa na pa kurudi. Alikuwa nahodha wa vyombo vya kuchimba mchanga kwenye mfereji mkubwa wa meli, mgane asiye na mtoto, anakaa ghorofa ya tatu, mitaa miwili tu kutoka klabuni. Hakuwahi kukosa Ijumaa.

Klabu yetu ya Waholanzi ni ya zamani kuliko sisi wote. Siku hizi tumebaki wazee watupu, tunacheza karata na kugombania peremende nyeusi za chumvi za kwetu mtu akitoka nazo likizo. Lakini waliotutangulia waliianzisha kwa kazi moja: uko ugenini, huna ndugu, basi Ijumaa usipoonekana awepo mtu wa kuuliza uko wapi.

Basi nikauliza.

"Tjeerd yuko wapi?"

"Anaikimbia keki," akasema Wubbo, mchekeshaji wetu. "Ubahili umempanda kichwani."

Wakacheka.

"Simu hapokei," nikasema. "Naenda kumwangalia."

Geesje, mwenyekiti wetu, alinitazama kama nimevua nguo mbele za watu. "Una miadi naye?"

"Miadi ya nini, Geesje? Mtu ana miaka themanini na kitu."

"Mtu mzima haingiliwi nyumbani kwake. Wewe ungependa tukukute na nguo ya kulalia?"

"Afadhali mnikute nayo kuliko msinikute kabisa."

"Labda ana mgeni wa kike," Wubbo akadakia. "Mtamharibia mzee siku yake."

Wakacheka tena. Nikainuka.

"Kaa kwanza, Roelien," Geesje akasema. "Tulizungumze."

Hapo ndipo tulipokwisha. Kwetu hakuna anayeamua peke yake. Kila mmoja lazima aseme lake, mpaka lipatikane jambo lisilomuudhi mtu yeyote. Mmoja akasema twende wawili. Mwingine akasema wawili ni wengi, Tjeerd atajiona mgonjwa. Kahawa ikaletwa. Vibonge vya nyama vikakaangwa. Mchana wote ukaishia hapo.

Mwisho tukapiga kura. Jamani, tulinyoosha mikono juu ya kwenda kumgongea mlango mwenzetu!

Nikashindwa. Ikaamuliwa atumiwe ujumbe wa heshima, aseme ni siku gani inamfaa kutembelewa. Geesje aliuandika mwenyewe, ujumbe mzuri tu, wenye pongezi zetu zote. Haukujibiwa.

Jua lilipoinama nilichukua pochi yangu nikaondoka bila kuaga.

Bawabu wa jengo la Tjeerd, Shenouda, alikuwa kwenye benchi lake anakunywa chai. Aliponiona akatazama nyuma yangu, akitafuta wengine.

"Madamu, wenzako wako wapi? Mbona mmechelewa hivi?"

"Tumechelewa wapi?"

"Kapteni alisema mnakuja."

Nikaingia ndani, naye akanifuata. Akanieleza huku tukipanda ngazi. Mchana alisikia kishindo, akaenda kugonga. Tjeerd akamjibu kutoka ndani kwa sauti yake ya kawaida kwamba ameteleza, hawezi kuinuka.

"Nikamwambia, Kapteni, niite fundi avunje kitasa. Akakataa. Akasema leo siku yangu, klabuni wakinikosa watakuja sasa hivi. Nikamwambia, je, wasipokuja? Akacheka. Akasema, wewe huwajui watu wangu."

"Na baadaye?"

"Nilirudi, akasema bado anawasubiri. Mara ya mwisho hakujibu. Nikadhani kasinzia."

Fundi akaitwa, akavunja kitasa.

Tjeerd alikuwa sakafuni karibu na mlango, amevaa suti na tai ya klabu. Keki ya matofaa aliyooka mwenyewe ilikuwa imetapakaa ukutani. Mkono wake bado ulikuwa na joto. Daktari alisema angewahiwa kidogo tu angepona, na mimi natamani asingesema.

Nikampigia Geesje. Nilipomwambia Tjeerd amekufa, akauliza kwa sauti ndogo, "Ujumbe wangu aliusoma?"

"Hakuusoma. Simu ilikuwa chumbani."

"Afadhali," akasema, akaanza kulia.

Ijumaa iliyofuata tukakaa tena. Viti vilikuwa vimesogezwa ili pengo lisionekane. Nikatoa hoja yangu: kuanzia leo, asiyeonekana agongewe mlango siku hiyo hiyo, bila miadi.

Tukalizungumza. Geesje akasema ni hoja nzuri, lakini wapo ambao wasingependa. Wubbo, ambaye siku hiyo hakufanya utani, aliangalia viatu vyake. Kura ikapigwa. Hoja ikasogezwa hadi mkutano mkuu wa mwaka.

Sikugombana na mtu. Nilikuwa nimechoka. Bado naenda kila Ijumaa, maana sina pengine pa kwenda, na nikifika wananishika mkono wote kwa upendo kabisa.

Wewe unayenisoma, mtu wako asipoonekana mahali ambapo huwa hakosi, inuka uende. Ukimkuta na nguo ya kulalia mtaona haya, mtacheka, yataisha.

Mimi sisubiri tena mtu aje kuniulizia. Bawabu wa jengo langu nimempa ufunguo.

"Siku ukisikia nimeanguka, fungua," nilimwambia. "Nikikwambia watu wangu wanakuja, usiniamini."