Asilimia Ishirini ya Nini?

Jumanne nilipigiwa simu kwamba yule mzee aliyekuwa akipima watoto uzito katika kituo kimoja cha afya huku mtaani Ndosho amefariki. Sikuamini. Hapa Goma uvumi umeshanizika mimi mwenyewe mara mbili, kwa hiyo nilimuuliza aliyenipigia ni nani aliyemwona, saa ngapi, na kwa nini awe yeye wa kunijulisha. Akanijibu kwa uchovu kwamba ni jirani wa marehemu, na jeneza linapigwa misumari mbele ya macho yake. Hapo uchungu ukanishika, kwa sababu mzee huyo nilianza kumjua kwa kumdhania mla rushwa.

Dada yangu alikuwa ameteremka kutoka Masisi na binti yake wa miaka miwili. Kabla ya ugonjwa mtoto alikuwa na kilo kumi. Alifika kituoni na nane. Akalazwa, akalishwa, wiki zikapita. Asubuhi moja msimamizi akasoma karatasi yake: mtoto alishuka asilimia ishirini, sasa amepanda asilimia ishirini, basi amerudi palepale, kitanda apewe mwingine. Dada akaanza kufunga vitenge vyake. Mzee wa mizani akakataa kutia sahihi karatasi ya kumruhusu. Nikajua, au nilidhani najua, anachotafuta. Nilimvuta pembeni nikamtilia noti mkononi, matabishi ya kumlainisha.

“Papa, rudisha franka zako mu mufuko,” akaniambia. “Ile vingt pour cent, ile asilimia ishirini ya kwanza, ni ya nini? Na hii ya pili ni ya nini?”

Aliokota uani mawe kumi meusi ya volkano, akayapanga chini. Akaondoa mawili: asilimia ishirini ya kumi. Yakabaki manane. Akaniagiza sasa niongeze asilimia ishirini ya manane. Niliweka jiwe moja, nikashika la pili, nikakwama. Asilimia ishirini ya nane haifiki mbili. Ni moja nukta sita. Mtoto alikuwa na kilo tisa na gramu mia sita tu. Ili arudi kwenye kumi kutoka nane, alipaswa apande asilimia ishirini na tano. Msimamizi, aliyekuwa amesogea kuyatazama yale mawe, akairudisha karatasi kwenye faili. Mtoto akabaki. Siku ya tatu homa ilimrudia kwa nguvu, ikamkuta kitandani karibu na daktari, si njiani kwenda Masisi. Leo anasoma shule. Kila nikimwona naona haya kwa ajili ya zile noti.

Tangu hapo nazishuku asilimia zote. Nauli ya pikipiki kutoka kwetu hadi mjini ilikuwa franka elfu moja, ikapanda hadi elfu moja mia tano. Baadaye wakatangaza kwamba wameshusha asilimia ishirini, abiria wakashukuru. Nikapiga hesabu nikapata elfu moja mia mbili. Wameshusha ishirini, na bado nalipa asilimia ishirini juu ya bei ya zamani. Hakuna aliyesema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi. Anayetaja asilimia huchagua mwenyewe pa kuanzia kuhesabu, na mara nyingi huchagua panapomfaa.

Kwenye matanga, kituo kilimtuma karani asome hotuba. Alimsifu marehemu vizuri. Kisha, labda kwa kutaka kututuliza, akasema kwamba wafanyakazi walikuwa arobaini, pengo ni asilimia mbili na nusu tu, kazi itaendelea. Nilishuku kwamba maneno hayo yaliandikwa yamfurahishe mkubwa fulani ofisini. Mjane, ambaye watoto wake wote wameshahamia mbali, alikuwa ameketi kwenye mkeka. Hakuinua kichwa.

“Ku nyumba tulikuwa wawili,” akasema.

Karani akaikunja karatasi yake, akakaa. Wasomaji wangu, mkitajiwa asilimia, ulizeni ni ya nini kabla hamjashukuru, na zaidi kabla hamjamfariji mtu.