Meza Moja kwa Wazee Wote

Jumatatu, tarehe nne Julai, 1949. Ukungu mpaka saa nne, halafu jua la kuuma, halafu saa saba mvua ya mawe.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku hiyo, na chini yake neno moja tu: kinyaa. Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo sikuwa na maneno mengi. Leo nimeongeza machache, na sijui kama yatatosha. Pia sijui kama ninakumbuka vizuri, au nimejipendelea kwa miaka hii yote. Nitajaribu kusema haki kwa kila mtu.

Nyumba yetu ya wazee ilikuwa ghala la zamani la ngano, nje kidogo ya Eldoret, upande wa kwenda Ainabkoi. Wazee wenyewe walikuwa watu wa mashamba. Walikuwa wamekamua, wamelima, wameendesha maksai wa walowezi mpaka mikono ikakataa, na kwao hapakuwa tena na mtu wa kuwapokea. Kamati ya kina mama wa Kizungu ikalipata ghala, ikaweka vitanda, ikaweka Memsahibu mmoja wa kusimamia. Mimi niliajiriwa kwa sababu nilikuwa mjane wa kanisa na nilijua kuandika majina kwenye rejista; nikawa karani, na jikoni pia nilisaidia.

Watu wa kanisa walikuja Jumapili na kuniambia, "Mama, unafanya kazi ya Mungu." Walisimama mlangoni wakiwa na leso puani. Siwalaumu. Palinuka mablanketi yaliyolowa mkojo, ugoro, na vidonda vya funza. Nilikuwa ninaosha mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ipasuke, na bado nikishika mkate wangu nilisikia harufu ya mtu mwingine. Nilijichukia kwa kusikia hivyo. Mama yangu mwenyewe angenuka vivyo hivyo kama angeishi.

Sasa kuhusu meza. Mwanzoni chakula kilipelekwa vitandani. Panya walikuja, na mzee mmoja alitafunwa kidole cha mguu bila kuamka. Wenye nguvu waliwanyang'anya wasio na nguvu. Na sisi wapishi, niseme ukweli, tulidokoa nyama njiani. Memsahibu akatengenezesha meza moja ndefu kwa mbao za ghala, akatundika diski ya plau mlangoni iwe kengele. Diski ikigongwa, wote mezani, wanaume kwa wanawake, kila mtu na kiti chake kilichoandikwa namba. Asiyekuja mezani hali. Kinachobaki kwenye sahani kinaingia kwenye ndoo ya nguruwe papo hapo, panya wasipate kitu.

Ile sheria ilifanya kazi. Lazima niseme hivyo. Wazee walinenepa. Wawili walioacha kusema walianza kusema, hata kama walisema matusi tu. Memsahibu aliweka pesa zake mwenyewe kununua mablanketi, na alikuwa anakaa mwisho wa meza na kula ugali uleule, ingawa kwa uma.

Kati ya wanawake alikuwepo nyanya mmoja wa kwetu Magharibi, mdogo kama mtoto, ambaye wote tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yetu. Alikuwa amechuma pareto mpaka mgongo ukajikunja. Alikula polepole sana, akifuta sahani kwa kidole, na akimaliza alisema "Asante, mwanangu," hata kama chakula kiliungua. Nilimpenda kuliko wengine, na hiyo haikuwa haki.

Jumanne ya wiki iliyotangulia aliletwa mzee mpya, mkamuaji. Alikuwa wa kwetu pia. Vidole vyake vilikuwa vimekauka kama mizizi, ng'ombe hata hawakumtaka tena. Nilimwandika kwenye rejista: jina, kabila, dini, shamba la mwisho, ugonjwa. Hizo ndizo safu zilizokuwepo. Nikampa kiti kilichokuwa wazi, maana mwenyewe tulikuwa tumemzika. Kiti hicho kilikuwa mbele ya Kukhu, uso kwa uso.

Diski ilipogongwa, Kukhu alitoka kitandani, akafika mlangoni, akaona. Akavuta shuka mpaka puani, akageuka, akarudi.

"Tumbo," aliniambia.

Jumatano, tumbo. Alhamisi nilimkokota mpaka mezani. Akakaa akiipa meza mgongo, kichwa kimefunikwa, hakugusa kitu. Mkamuaji naye alibeba sahani yake akaenda kula amesimama nyuma ya kuni, kwenye matope. Memsahibu akamrudisha.

"Wewe iko ng'ombe? Kula huko nje kama ng'ombe?"

"Hapana, Memsahibu."

"Basi kaa kiti."

Akakaa, akatazama magoti yake, akameza kama mtu anayemeza mawe.

Mzee mwingine, aliyekuwa mwendesha magari ya maksai, ndiye aliyekuwa na mdomo pale mezani. Alipiga kijiko kwenye kikombe akasema, "Mnaona? Nyanya amefunika uso kama msichana aliyeletewa mchumba! Mkamuaji, umemtongoza lini? Hata wiki bado!"

Meza nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka. Nimeliandika hilo kwenye daftari ili nisije nikalikana. Halafu yule mwendesha maksai akavuta sahani ya Kukhu akala. Memsahibu hakuona. Naye alikuwa na njaa, na chakula kile kilikuwa kinakwenda kwa nguruwe. Lakini bado namwona akilamba vidole, na mate yananijaa mdomoni, si ya hamu.

Jumamosi nilimpelekea Kukhu kiazi kitamu chini ya aproni yangu. Alikila chote na maganda karibu yote. Memsahibu alipokagua vitanda akaokota kipande cha ganda.

"Nani leta hii?"

Kukhu alivuta shuka usoni. Nilisimama pale, mikono nyuma. Nilisema, "Sijui, Memsahibu."

"Basi huyu mwizi. Anakataa chakula, halafu anaiba jikoni." Kisha akanivuta kando, na hapa hakuwa mkali, alionekana amechoka. Alisema mtu anayekataa chakula siku zote hizo ama ni mgonjwa ama akili zimemwacha, na nyumba hii haina daktari wala mnyororo. Lori ya kamati ilikuwa inakwenda Nairobi Ijumaa. Kama Jumatatu hatakula mezani mbele ya macho yake, Ijumaa Kukhu atapandishwa lori, apelekwe kwenye nyumba ya wenda wazimu.

"Sasa kazi yako," aliniambia. "Wewe lugha yake iko jua."

Lugha yake nilijua. Nilikwenda nikapiga magoti kando ya kitanda nikamweleza.

"Kukhu, watakupeleka mbali. Utafia kwa watu usiowajua."

"Nimesikia."

"Kwa nini huli? Nani amekukosea?"

"Hakuna aliyenikosea."

"Ni mimi? Ni yule mkamuaji?"

Akageukia ukutani kwa haraka hivi kwamba nilifikiri nimemgusa kidonda. "Usimtaje hapa," alisema. Basi nikafikiri waliwahi kugombana, au alimwibia. Mimi, niliyelelewa kijiji kilekile cha mila ileile, nikafikiri habari za wizi! Najiuliza hadi leo nilikuwa nimelala wapi.

Jumatatu diski iligongwa. Nilimbeba Kukhu, maana miguu ilikuwa imeisha nguvu. Hakuwa na uzito wa debe la maji. Nikamkalisha kitini, namba yake, nikamfunua shuka usoni kwa sababu Memsahibu alikuwa anatazama. Mbele yake mkamuaji alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso linagusa mbao.

Nikachota uji. Nikamwambia kwa lugha yetu, "Kijiko kimoja tu, Kukhu, Ijumaa ipite." Akabana midomo. Nikasubiri. Memsahibu akaangalia saa yake.

Memsahibu hakuniambia nimbane pua. Hilo nililibuni mwenyewe. Nilimbana pua kwa vidole viwili, kama tunavyofanya kwa mtoto anayekataa dawa, na mdomo ulipofunguka kutafuta hewa nikaingiza kijiko. Ufizi wake haukuwa na meno, ulikuwa laini. Nilihisi ulimi wake mkavu ukisukuma kijiko, na sauti ikamtoka ambayo sitaki kuiandika. Mwendesha maksai aliacha kutafuna. Uji ukarudi wote, ukanijaa kifuani, vuguvugu, na uzi wa mate ukaning'inia kutoka kidevuni kwake mpaka kwenye mkono wangu.

Hapo kiti cha upande wa pili kikaanguka. Mkamuaji alikuwa amesimama, kofia ameishika kwa mikono yote miwili akafunika nayo uso. Akapita hivyohivyo bila kuona, akajigonga mlangoni, akatoka nje kwenye mvua ya mawe.

"Mfuate huyo!" Memsahibu alisema. "Nyinyi wote leo iko wazimu!"

Nilimkuta amekaa kwenye ukuta wa banda la nguruwe, mawe ya barafu yakimruka begani. Nguruwe walikuwa wamekusanyika chini yake wakilia. Walizoea kwamba mtu akija wakati ule, kaja na ndoo.

"Mzee, ingia ndani. Utakufa."

"Mama, nirudishe barabarani. Nilikuja na miguu yangu, nitaondoka nayo."

"Kwa nini?"

Alitikisa kichwa. "Umemfunua uso. Umemlisha mbele yangu kama mtoto." Alikuwa analia, na hakuwa anaficha. "Unajua unachofanya lakini? Yule ndiye aliyenizalia mke wangu."

Ninaandika hivi kwa wasiokuwa wa kwetu. Mwanamume na mama wa mke wake hawaketi uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani. Hawashikani mikono, hawatajani majina, na kula mbele ya mwenzake ni kama kuvua nguo. Si chuki, ni heshima iliyo kubwa kuliko zote tulizonazo. Binti ya Kukhu alikuwa amekufa zamani, mashamba yakawatawanya hawa wawili, kisha mimi nikawakutanisha kwa namba ya kiti. Na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia, maana kusema kungekuwa kumtaja.

Nilitapika hapo hapo ukutani. Nguruwe wakaja.

Nilirudi kwa Memsahibu nikiwa na uji kifuani. Nilimweleza kwa Kiswahili, pole pole, mara mbili. Aliniambia hataki maneno ya kishenzi kwenye nyumba ya Kikristo. Nilimwambia wote wawili wamebatizwa na bado ni mkwe na mkwe. Sijui nilipata wapi mdomo. Nikamwambia pia kwamba kiazi nilileta mimi, si Kukhu, na akitaka kunifukuza anifukuze.

Memsahibu aliutazama uji kifuani kwangu. Kisha akauliza, "Yeye hapana kula kwa sababu ya adabu?"

"Ndiyo, Memsahibu. Kwa sababu ya adabu tu."

"Siku sita?"

"Siku sita."

Akatazama nje, mkamuaji bado amekaa pale juu ya ukuta. Akasema kitu kwa Kiingereza ambacho sikukielewa. Kisha akasema kwamba kula kwa zamu mbili haiwezekani, kuni hazitoshi, na kitandani haiwezekani, panya. Katika hayo alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyesema gunia.

Tulipasua magunia ya ngano tukayashona kwa kamba, tukayatundika juu ya meza kutoka ukuta hadi ukuta, wanaume upande huu, wanawake ule. Mwendesha maksai alijitolea kushona. Alikuwa fundi wa ngozi za nira na mkono wake ulikuwa bado mzuri. Alishona mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibi Karani, mwambie nyanya sahani yake ya Alhamisi niliila mimi. Sikujua."

"Mwambie mwenyewe."

"Naona haya."

"Hata mimi," nilimwambia.

Nilichukua rejista nikapiga mstari kwa rula, nikaongeza safu mwishoni: ndugu na wakwe. Memsahibu aliitazama, hakuifuta.

Diski ilipogongwa saa kumi na mbili, mkamuaji aliingia kwa mlango wa nyuma, akaketi upande wake, mgongo kwa gunia. Nilimbeba Kukhu nikamkalisha mwisho wa upande wa wanawake, shuka likiwa limemfunika kama alivyotaka. Mikono yangu ilikuwa inanuka uji uleule. Nilikuwa nimeiosha mara tano. Nilimwomba radhi kwa lugha yetu, naye hakunijibu. Hakunijibu hata wiki iliyofuata, na hakuwahi tena kuniita mwanangu mpaka tulipomzika. Alikuwa na haki hiyo.

Alikaa akisikiliza. Upande wa pili palisikika kijiko kikigonga sahani. Akaniinamia.

"Yule wa huko amepata chakula?"

"Amepata, Kukhu."

"Anakula?"

"Anakula."

Basi akaivuta sahani chini ya shuka kwa mkono wake mwenyewe, nayo ikaanza kusogea kidogo kidogo akila.

Jioni ile tulikula ugali, maharage yaliyoshika chini ya sufuria, na maziwa yaliyotolewa siagi. Nguruwe walipata maganda ya viazi tu; sahanini hakikubaki kitu.