Mbise Mmoja, Nusu ya Ukumbi

Krrr. Mlio wa viti vikisukumwa nyuma kwa pamoja bado ninao masikioni.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika chama cha wakulima wa kahawa, huku Meru. Kwenye kompyuta kila gunia lilikuwa na mstari wake. Meneja alitaka kila mkulima awe na mstari mmoja, na kila mwezi uwe na safu yake. Mimi, binti wa mjini, Kaloleni, mwenye cheti cha miezi mitatu, nikaiambia kompyuta ijumlishe magunia kwa jina la mwisho la mkulima. Nikajiona mtaalamu.

Mkutanoni nikapewa kipaza sauti nimtangaze mkulima bora.

"Mbise."

Nusu ya ukumbi ikasimama. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Kwa hofu nikasema, "Shikamooni." Wakaitikia wote, "Marahaba."

Bibi mmoja wa mbele, naye amesimama, akacheka. "Mjukuu wangu, hilo ni jina la ukoo. Umeita mlima mzima." Akamgeukia meneja. "Mwache huyu. Leo na mimi nimeshinda."

Meneja akacheka, akanipa hadi Jumatatu nirekebishe.

Walipoondoka nilibaki peke yangu, nikaongeza safu ya namba za uanachama. Namba ya kwanza niliyoijaza ilikuwa ya yule bibi.